UZI: Kabla hujachoma shamba kiangazi hiki, uulize kwanza upepo wa saa nane

Mkulima_wa_Gede

Hamjambo nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Juzi nilipanda pikipiki kutoka Gede hadi Marafa, huku kwetu pwani ya Kenya, na njia nzima nilikuwa navuta moshi. Huku mtu anachoma mabua, kule mwenziwe anachoma nyasi alizofyeka, mbele kidogo kisiki cha mnazi kinafuka na hakuna mtu karibu. Ni msimu wake. Kiangazi kinaishia, watu wanasafisha mashamba wapate kupanda mvua ya kwanza ya masika ikigusa ardhi. Simlaumu yeyote, maana mimi mwenyewe nimechoma tangu nikiwa mtoto nikimfuata marehemu babangu shambani. Lakini kuna jambo limenikaa moyoni miaka mingi, nalo ndilo limenifanya nifungue uzi huu.

Mwaka mmoja, mwezi wa tatu, nilifyeka ekari mbili nikaziacha zikauke wiki tatu. Siku ya kuchoma niliwasha saa nne asubuhi. Hewa ilikuwa shwari, kuti la mnazi halitikisiki. Nikaona Mungu kanipa siku. Kufika saa saba upepo wa bahari ukaingia, na saa nane ulikuwa unasukuma moto kama mtu anayesukuma mkokoteni. Moto ukavuka mpaka, ukaingia kwa jirani yangu chini ya mikorosho. Anayeujua mkorosho anajua chini yake kuna zulia la majani makavu. Ilikwenda miti kumi na mmoja. Mkorosho unataka miaka mitatu hadi mitano ndipo uanze kuzaa, na ile ilikuwa imeshasomesha watoto. Mzee yule hakunipeleka kwa chifu. Aliniambia tu, "Mwanangu, ungenipigia hodi jana, ningekuja na jembe."

Tangu siku ile nimetafuta kuelewa jinsi wenzetu wanavyoamua kama leo ni siku ya kuwasha au si siku yake.

Nchi zinazopata moto mkubwa wa nyika huweka vibao barabarani vya kuonyesha hatari ya moto ya siku hiyo. Marekani wana ngazi 5: ndogo, wastani, kubwa, kubwa sana na ya kupindukia, kwa rangi za kijani, buluu, manjano, chungwa na nyekundu. Afrika Kusini pia ni 5, ila kwao buluu ndiyo ya chini kabisa na kijani ndiyo inayofuata. Australia walibadilisha mfumo wao tarehe 1 Septemba 2022 wakabaki na 4, na ile ya juu kabisa maana yake ni maangamizi. Kwa hiyo ukiona rangi kwenye simu, tazama kwanza ni ya nchi gani.

Kilichonifungua macho ni maana ya ngazi zenyewe. Nilidhani zinakwambia kama moto utashika. Moto unashika karibu siku yoyote ukiwa na mabua na kibiriti. Uzito wa ngazi uko kwingine: moto ukikuponyoka, utakwenda kwa kasi gani, na wewe na wanao mtauweza au hamtauweza? Kwa maelezo ya Wamarekani, ikifika ngazi ya tatu tu, yaani kubwa, moto ulioachwa bila mtu huelekea kutoroka, na kuchoma nje kunabaki kwa asubuhi na mapema au jioni sana. Ikiwa kubwa sana, hushauriwi kuchoma. Ikipindukia, hakuna kuwasha chochote.

Barabara ya kwenda Langobaya haina kibao hicho. Kwa hiyo hesabu tuifanye wenyewe, na si ngumu. Mfumo wa Kanada, ambao Ulaya pia wanautumia, unaanza na vitu 4 tu vinavyopimwa saa sita mchana: joto, unyevu wa hewa, kasi ya upepo, na mvua ya saa 24 zilizopita. Kutokana na hivyo wanakadiria ukavu wa vitu vyepesi, wa tabaka la kati, na wa vile vya chini kabisa vinavyokauka polepole.

Hapo kwenye ukavu ndipo wengi tunapokosea, mimi nikiwa wa kwanza. Nyasi iliyokufa na jani kavu hubadilika na hewa ndani ya saa moja hivi. Kijiti cha unene wa kidole hutaka karibu nusu siku. Gogo nene hutaka wiki kadhaa. Sasa mtu anasema, "Jana jioni mvua ilipiga, leo ni salama." Gogo pengine limelowa. Nyasi, jua likishapiga tangu asubuhi, saa nane hazina habari ya mvua ya jana.

Na jingine: vuli ikiwa nzuri, kiangazi kinachofuata usistarehe. Mvua nyingi hukuza nyasi nyingi, na nyasi hizohizo zikikauka Januari na Februari ndizo kuni za moto.

Kijana_wa_Watamu

Ami, asante kwa uzi. Ila nina swali. Mtandaoni nimeona kanuni ya 30-30-30: joto kupita nyuzi 30, unyevu wa hewa chini ya asilimia 30, upepo kupita kilomita 30 kwa saa, hapo ndipo hatari. Sisi pwani unyevu haushuki hivyo, hata nguo hazikauki vizuri. Si ina maana tuko salama?

Mkulima_wa_Gede

Swali zuri, mwanangu, na hata mimi nililishikilia hilo muda mrefu.

Kanuni hiyo inaeleza siku ya balaa, siku ambayo hata zimamoto kamili wanahangaika. Haikusema chini ya hapo ni salama. Hapa petu mwezi wa pili, mchana, chukulia joto ni nyuzi 31 na unyevu asilimia 60. Nyasi iliyokufa katika hewa hiyo hubaki na maji takriban asilimia 10 tu ya uzito wake mkavu. Nyasi huanza kuukataa moto maji yakikaribia asilimia 20 au kuzidi. Kwa hiyo hewa unayoihisi nzito kifuani, kwa nyasi bado ni kavu vya kutosha. Tena huo ni unyevu wa ufukweni. Ukipanda Marafa au Langobaya, bahari iko mbali na hewa ni nyingine kabisa.

Kama bado hujasadiki, tazama Lahaina, kule Hawaii, kisiwa cha Maui. Mji wa kale, uko kandokando ya bahari, watalii kama Malindi. Tarehe 8 Agosti 2023 upepo mkali uliwapata huku mashamba yaliyoachwa yamejaa nyasi ndefu za kigeni zilizokauka. Walikufa watu 100 na zaidi. Na linaloniuma kila nikilikumbuka: uchunguzi ulionyesha kuwa asubuhi ya siku hiyo kulikuwa na moto uliosababishwa na nyaya za umeme, ukazimwa, watu wakaamini umekwisha. Alasiri ukafufuka palepale. Moto wa asubuhi waliodhani umekufa ndio uliochoma mji.

Nahodha_Mstaafu

Mwanangu wa Gede, umesema kweli kuhusu upepo, ila niruhusu niongeze la baharini.

Miezi hii ambayo kaskazi inaishia ndiyo tunayoiita tanga mbili. Kaskazi imechoka, kusi haijaingia, na katikati ni maleleji: upepo unatoka huku, unageukia kule, unakufa, unazuka tena. Manahodha waliotufunza hawakuwa wakisafiri mbali wakati wa maleleji. Nanyi wakulima ndio wakati mnaouchagua kuwasha moto, kwa sababu mvua iko karibu. Sikulaumu, mvua haingoji mtu. Lakini ujue unafanya kazi katika wakati ambao upepo hauna neno moja.

Kisha hiyo shwari yako ya saa nne. Alfajiri hutoka upepo wa nchi kavu, tunauita umande, mwembamba na wa baridi. Jua likipanda umande hukoma. Ndipo kunapokuwa na kimya, kuti halitikisiki. Asiyejua hudhani siku imetulia. Kumbe upepo mmoja umeondoka na mwingine uko njiani. Ardhi inapata moto, hewa yake inapanda, na ya bahari inaingia kuziba nafasi. Adhuhuri umeshaupata usoni. Ukiwa na moto wa ekari mbili wakati huo, umepatikana.

Kama huna chombo cha kupimia, tazama vitu. Majani madogo yakicheza bila kupumzika na bendera nyepesi ikanyooka, upepo umefika kilomita 12 mpaka 19 kwa saa. Vumbi na karatasi zikiinuka, ni 20 mpaka 28, na huko nje bahari imejaa mapovu meupe. Vumbi likiinuka mimi mashua ndogo nilikuwa siitoi, na wewe kibiriti usikitoe.

Mkulima_wa_Gede

Nahodha, nimesahau adabu: shikamoo. Hilo la shwari ya saa nne sikuwahi kulisikia kwa mtu, na ndilo hasa lililonipata. Naomba kila anayesoma uzi huu alirudie mara mbili.

Mama_Mivinje

Kaka, mimi nina ekari moja ya mivinje upande wa Mambrui. Sasa ina miaka minne, nangoja kuuza nguzo. Chini yake sindano zimejaa mpaka zinanifika kwenye kifundo cha mguu. Mume wangu yuko Mombasa kikazi, ananiambia nizichome zilipo ili zisije zikawa hatari. Moyo haunipi. Wewe waonaje?

Mkulima_wa_Gede

Dada, sikiliza moyo wako, tafadhali usizichome zikiwa zimetandazwa chini ya miti. Sindano za mvinje huoza polepole, ndiyo maana zinarundikana, na zikishika moto hupita kama mkeka wa mafuta. Mvinje nao hauvumilii moto, hasa ukiwa mchanga. Utapoteza nguzo za miaka minne kwa adhuhuri moja.

Fanya hivi. Chukua reki, usiguse katikati kwanza. Anza ukingoni: fagia ukanda wa mita tatu au zaidi kuzunguka ekari yote mpaka uone mchanga mtupu, hasa upande wa barabara na upande unaopakana na jirani anayechoma. Ukanda huo ni kinga ya moto. Sindano ulizozoa wape miembe na michungwa yako kama matandazo, ila usizisogeze hadi shinani na usizirundike karibu na nyumba ya makuti. Zinazobaki katikati ziache zitunze unyevu. Tena mwambie shemeji nimemsalimia, na kwamba wazo lake la kuondoa hatari ni sahihi, njia tu ndiyo tubadilishe.

Mama_Mivinje

Asante sana. Wanangu wawili watafagia Jumamosi.

Jirani_wa_Msitu

Mimi shamba langu linapakana na Arabuko-Sokoke, nami nina uchungu wangu. Msitu ule una kama kilomita za mraba 420, na ni kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki vya misitu mikavu ya pwani katika Afrika Mashariki. Ndani yake kuna sehemu ya mirihi, ambako miti imeachana na chini kuna nyasi. Hapo moto hupita upesi kuliko kwenye kichaka kizito. Wako wanaoingia kurina asali na mienge, wakimaliza wanaitupa. Wako wanaochoma makaa kwa kujificha, na tanuri likiachwa usiku hutoboka. Na tuko sisi wa mpakani, tunaowasha shambani na kusema moto hautavuka.

Watu wajue pia sheria ipo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inakataza kuwasha moto msituni bila kibali. Na iko ya zamani zaidi, Sura ya 327 ya sheria za Kenya, inayohusu moto wa nyasi hasa. Sisi huku hatuwashi bila kumwambia chifu na walinzi wa msitu. Majirani wanaofuga vipepeo kwa ajili ya mradi wa Kipepeo pale Gede wanautegemea msitu huu kwa riziki tangu 1993. Ukichoma mpaka, umemchomea mtu chungu chake.

Kijana_wa_Watamu

Na je, zile ramani za setilaiti za NASA zinazoonyesha moto kwa vitone vyekundu? Siwezi kufungua asubuhi nikaona kama kuna hatari?

Mkulima_wa_Gede

Fungua, ni bure na zina faida, lakini ujue zinakwambia nini. Kile kitone ni moto uliokwisha kuwaka. Hatari ya leo hakikwambii. Tena setilaiti zenyewe hupita juu yetu karibu saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku, kwa hiyo moto wa saa moja asubuhi uliozimwa saa tatu hautaonekana, na wingu likiwepo hata mkubwa hufichika. Kila kitone kinasimamia eneo la mita 375 hivi kila upande. Kwa moto unaosogea kutoka mbali, zinasaidia.

Iko ramani nyingine ya dunia nzima inayotumia ile hesabu ya Kanada, na Kenya imo. Naitazama, lakini hesabu ile ilijengwa kwa misonobari ya Kanada. Haijui makuti, haijui mikorosho. Mimi naanza na utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa wa wiki, natazama siku zilizopita bila mvua, kisha natoka nje nashika majani. Nachukua jani kavu nalisugua kiganjani. Likisagika unga mara moja, siku hiyo siwashi, hata kama hewa imetulia. Likijikunja na kuchanika bila kusagika, naendelea kufikiri.

Fundi_Makuti

Mimi ni mwezekaji wa makuti, nimeezeka mahoteli na nyumba za watu kuanzia Watamu hadi Mambrui. Nimewahi kuitwa kuezeka upya paa nililoliezeka mwenyewe, liliungua kwa cheche iliyotoka kwa jirani aliyekuwa akichoma takataka za bustani. Cheche ya kuti ni nyepesi, inaruka mbali ikiwa bado nyekundu, ikitua kwenye paa kavu la Februari hakuna ndoo itakayoliwahi. Basi ukiwa na nyumba ya makuti upande ambao upepo unakwenda, usiwashe. Naomba hilo tu.

Na makumbi! Watu wanarundika makumbi ya nazi wanayatia moto, wakiona moshi umepungua wanaondoka. Kumbi halizimiki hivyo. Linajila lenyewe ndani siku mbili tatu.

Mkulima_wa_Gede

Fundi umegusa penyewe. Naomba nimalizie kwa kueleza nilivyochoma mwaka jana, kwa sababu mtu mmoja ameniandikia faraghani akitaka hatua.

Kwanza nilipunguza. Mabua ya mahindi yalikwenda kwa mbuzi, nyasi nyingi niliziacha zioze zirudishe rutuba, na makumbi alichukua jirani mwenye kitalu. Kilichobaki ni matawi ya miiba na takataka zenye wadudu, nikavikusanya katika marundo madogo manne badala ya kuchoma shamba zima limelala. Naamini hapa ndipo usalama wote ulipo. Rundo dogo linazimika kwa madumu mawili ya maji. Ekari haizimiki.

Nilifyeka kuzunguka kila rundo mita tatu mpaka udongo mtupu, nikatazama na juu pia, maana tawi la mwembe linaloning'inia ni ngazi ya moto. Siku moja kabla nikapiga hodi kwa majirani wote, nikianza na yule mzee. Tulikuwa watu watano, majembe, matawi mabichi, madumu manane ya lita ishirini, na simu yenye chaji, na kila mmoja alijua namba ya dharura ni 999 au 112.

Tukawasha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande ukiwa bado kwenye nyasi. Rundo moja, likiisha ndipo la pili. Tuliwasha upande ambao upepo unakwenda, ili moto urudi polepole ukipigana na upepo. Ukiwasha upande unakotoka upepo, unaupa moto mbio. Saa tatu na nusu hatukuwasha tena ingawa rundo moja lilibaki. Vijana walinung'unika, lakini nilikuwa nimeshajua saa nne ina hila gani.

Wapo wanaopenda jioni, jua likishazama upepo ukitulia. Sipendi. Giza linaingia, watu wamechoka, kaa linabaki chini ya majivu usiku kucha bila mlinzi, na kesho yake saa nane upepo unakuja kulipuliza. Asubuhi inakupa mchana kutwa wa kulinda.

Baadaye tulimwaga maji, tukapindua majivu kwa jembe, tukamwaga tena. Nikayapima kwa mgongo wa mkono, kwanza kwa mbali, kisha karibu. Penye joto, tukarudia.

Nahodha_Mstaafu

Na rundo la nne?

Mkulima_wa_Gede

Tuliliwasha baada ya siku tatu, nahodha. Siku mbili za kati upepo ulikuwa umeamka mapema.

Lakini la kisiki sikulisema. Kulikuwa na kisiki cha mnazi hatua chache kutoka rundo la pili, nje ya kinga, ambacho sikukigusa wala hakuna aliyeona moto ukikifikia. Siku iliyofuata saa nane nilikuwa nimekaa kwa yule mzee tukinywa kahawa, upepo wa bahari umeshaingia, akainua pua akasema, "Unasikia harufu?" Tukaenda. Kutoka ubavuni mwa kisiki kulikuwa kunatoka uzi wa moshi mwembamba sana, na ukikisogelea unasikia joto. Tulichimba kukizunguka kwa jembe mpaka mizizi ikaonekana, ndani ilikuwa nyekundu kama tanuri. Madumu matatu yalikwenda pale. Tukakaa nacho mpaka magharibi, na mzee alikataa kwenda kuoga mpaka alipotia mkono mwenyewe ndani ya shimo akaona pamepoa.

Mikorosho yake mipya iko hatua thelathini kutoka pale. Mwaka huu imetoa maua kwa mara ya kwanza.

Mama_Mivinje

Nimetoka kuangalia visiki vyangu sasa hivi na tochi. Viwili nilichomea takataka karibu yake wiki iliyopita. Kimoja bado kina joto. Naita watoto walete maji.